Naomba ushauri: Mzee ana Parkinson, shangazi kamnyima samaki
Habarini wakuu. Niko Kigoma, Kibirizi. Mzee wangu, mvuvi mstaafu, ana Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na mwili kuwa mzito. Mkono wa kulia unatetemeka ukiwa umetulia pajani. Akishika kikombe cha chai, unapungua. Miaka kadhaa kabla ya hapo alilalamika kwamba dagaa hawanukii tena, sisi tukacheka tu.

Daktari alitueleza kuwa ndani ya seli za neva kuna protini iitwayo alfa-sinukleini. Kwa kawaida haina neno, ila ikijikunja vibaya inagandana na wenzake hadi kuwa mabonge, yale aliyoyaeleza daktari Mjerumani Friedrich Lewy mwaka 1912. Seli zinazotengeneza dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia mwili kusogea, zinakufa polepole, na mwili unakuwa mzito.

Sasa shangazi kasikia neno "protini", basi, kapiga marufuku migebuka na maharage! Mzee ni ugali na mchicha tu, kakonda. Nimemwambia ile ya ubongoni mwili unaitengeneza wenyewe, haitoki kwenye sahani. Wapi! Na ushahidi anao: mzee akimeza levodopa, dawa yake ya kurudisha dopamini, pamoja na samaki, dawa inachelewa kushika. Hilo ni kweli, maana protini ya chakula na dawa hiyo vinagombania mlango mmoja utumboni. Lakini si suala la saa tu hilo, ameze kama nusu saa kabla ya kula?

Wenye wagonjwa nyumbani, mnapangaje dawa na mlo? Na shangazi mwenyewe ni dada mkubwa wa mzee. Nimwambieje bila kuonekana nimekosa adabu?