Ukoga wa chujio letu la mchanga umepauka baada ya majaruba kupuliziwa dawa. Maji yananyweka?

Msimamizi wa Ghuba

Habari za jioni wakuu. Niko wilaya ya Magu, upande wa Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria, nasimamia chujio la mchanga la jumuiya yetu ya watumia maji. Ni tangi la zege lililo wazi juu, mchanga karibu mita moja, changarawe chini. Pampu ya sola inavuta maji ziwani, yanapita mchangani taratibu, halafu yanakwenda tangi la kugawia na kwenye vilula.

Juu ya mchanga huwa kuna utando wa ukoga, kijani kilichochanganyika na hudhurungi. Mchana wa jua kali ukiinama unaona vipovu vidogo vimeng'ang'ania kwenye nyuzi zake, kimoja kimoja kinabanduka na kupanda juu. Wiki iliyopita wenye majaruba ya mpunga walipulizia dawa ya magugu. Usiku wa pili yake ikanyesha mvua kubwa, na mfereji wa mashambani unamwaga ziwani hatua chache tu kutoka bomba letu la kuvutia maji. Tangu hapo vipovu sivioni. Ukoga umepauka, vipande vimebanduka vinaelea, na asubuhi nikifungua geti nakutana na harufu ya yai viza.

Maji yanayotoka chini bado ni maangavu kabisa. Mwenyekiti anasema maadamu ni meupe tusifunge, kina mama watarudi kuchota ziwani. Wengine wanasema ukoga ni uchafu tu, afadhali umekufa. Naomba kujua, dawa ya shambani inaweza kweli kuua ukoga wa chujio? Na haya maji niendelee kuwapa watu?

Kijana wa Igoma

Mkuu mimi sioni tatizo hapo. Tangi la nyumbani likianza kuwa kijani huwa tunatia mrututu kidogo, linasafika. Kwa hiyo harufu, mwaga klorini juu ya mchanga, iache usiku kucha, asubuhi fungulia.

Fundi Mstaafu, Nyakato

Mdogo wangu wa Magu, umefanya vizuri kuuliza kabla watu hawajaanza kuumwa matumbo. Machujio ya aina hiyo ndiyo yaliyonilea kazini, kwa hiyo nitaandika kirefu, univumilie.

Nianze na hilo la ukoga kuwa uchafu, maana ndilo linaloponza miradi. Mchanga peke yake hausafishi maji. Punje za chujio la taratibu ni za milimita 0.15 hadi 0.35, na nafasi zilizo kati yake ni kubwa mara nyingi kuliko bakteria. Vimelea vingepita bila shida. Kinachovizuia ni ule utando wa juu na uhai ulio chini yake: nyuzi za ukoga zinanasa tope, bakteria wanavunja uchafu, na protozoa, vijidudu vya chembe moja, wanawala bakteria wanaoletwa na maji. Ndiyo maana maji huachwa yashuke mita 0.1 hadi 0.3 tu kwa saa, hao viumbe wapate muda wa kufanya kazi yao. Mwaka 1892 kipindupindu kiliua maelfu ya watu Hamburg, Ujerumani. Altona, mji uliopakana nao, ulichota Mto Elbe huohuo, tena chini ya mahali maji taka ya Hamburg yalipoingia, na ukanusurika kwa kiasi kikubwa. Altona walikuwa na machujio ya mchanga, Hamburg hawakuwa nayo.

Sasa vile vipovu ulivyokuwa unaviona ni oksijeni. Kwenye chujio la wazi ukoga unafanya usanisinuru, yaani unatumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula, mchana kutwa, na bakteria walio chini wanaishi kwa oksijeni hiyo. Usiku ukoga nao unavuta oksijeni, kwa hiyo hata chujio lenye afya alfajiri huwa na oksijeni pungufu kuliko saa nane mchana. Ukoga ukifa unapoteza mara mbili: hautengenezi tena oksijeni, na ukioza unamaliza ile iliyobaki. Harufu ya yai viza ndiyo dalili kwamba ndani ya mchanga kuna mahali oksijeni imekwisha.

Je, dawa inaweza? Inaweza sana. Dawa kadhaa za magugu, kama atrazini ya kwenye mahindi, diuroni, na propanili ya kwenye mpunga, huua kwa kuziba njia ambayo mmea unatumia kupitisha nishati ya mwanga. Ukoga una njia hiyohiyo, na dawa haijui kwamba huu si gugu bali ni mlinzi wa maji ya kijiji. Jambo la kutia moyo ni kwamba kuziba huko mara nyingi si kwa kudumu. Dawa ikipita mapema, ukoga uliosalia unaamka.

Kijana wa Igoma, usichukie, lakini ushauri wako usifuatwe Magu. Klorini ikimwagwa juu ya mchanga inaua kila kilichobaki hai. Klorini inatiwa baada ya chujio, kwenye tangi la kugawia. Na mrututu ni shaba. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakubali shaba hadi miligramu 2 kwa lita ya maji ya kunywa, ilhali ukoga mwingi huanza kudhurika kwenye sehemu moja tu ya mia ya kiasi hicho. Kwa hiyo maji yanaweza kufaulu kipimo cha shaba kwa binadamu, na chujio likawa limekufa. Halafu kuna ule ukijani wa ziwa letu unaotanda ufukweni kama rangi iliyomwagika. Huo ni jamii nyingine, Microcystis na wenzake, na ndani yake mna sumu ya ini. Ukiutia mrututu unapasuka na kuiachia sumu majini, na kuchemsha hakuiondoi.

Mdogo wangu, funga leo bomba la kwenda kwenye tangi la kugawia. Mwambie mwenyekiti kuna hatari mbili, na haziondolewi kwa njia moja. Ya kwanza ni vimelea vinavyopita kwa sababu mlinzi amekufa. Hivyo vinakufa kwa kuchemsha, na vingi pia kwa klorini. Ya pili ni kemikali yenyewe. Hiyo haiondoki kwa kuchemsha wala kwa klorini, na haina rangi. Weupe wa maji hauelezi lolote juu ya hizi mbili.

Dada wa Pembejeo, Misungwi

Kaka wa Magu, shikamoo kwa Fundi kwanza. Nauza pembejeo na ninaomba ufanye jambo moja: tafuta chupa tupu waliyotumia, usome maandishi madogo ya kiambato, si jina kubwa la mbele. Kwenye mpunga mara nyingi utakuta propanili na 2,4-D pamoja. Hiyo 2,4-D huvuruga ukuaji wa magugu ya majani mapana, haizibi usanisinuru. Nikiona ukoga umepauka ghafla namna hiyo, namshuku propanili.

Na msidhani ni dawa za magugu tu. Msimu wa pamba, dawa za wadudu zikiingia majini zinaua vijidudu vidogo vinavyokula ukoga. Hapo ukoga unazidi badala ya kufa, na chujio linaziba kabla ya wakati wake. Watu wanashangaa kwa nini maji yamepungua kwenye kilula.

Msimamizi wa Ghuba

Shikamoo Fundi, asante dada. Nimefunga tangu jana jioni. Mwenyekiti alikuja juu, nikamsomea hapa hapa kwenye simu, akanyamaza, kisha akaniambia nimwitie wenye majaruba. Chupa nimezipata kwenye tuta la mfereji, zimetupwa na vifuniko vyake. Kiambato ni propanili na 2,4-D kama dada alivyosema. Sasa nifanyeje na chujio? Na watu wanywe nini?

Fundi Mstaafu, Nyakato

Marahaba. Kwanza maji ya watu. Shule ikiwa na matangi ya mvua, ombeni hayo yawe ya kunywa tu. Wanaochota ziwani wachote mbali na mfereji huo, wachemshe.

Sampuli uichukue mapema, kwa sababu propanili huvunjika ndani ya siku chache na kuacha dikloroanilini, ambayo ni sumu zaidi na hukaa zaidi. Tumia chupa ya kioo cheusi, ijaze hadi mdomoni, iweke kwenye boksi la barafu, na uwasiliane na RUWASA, wakala wa maji vijijini, wilayani ili ifike maabara ya maji hapa Mwanza. Waulize kama wanapima viambato hivyo au wanavipeleka kwingine. Maabara haipimi "sumu" kwa ujumla. Usipowatajia jina, hawajui watafute nini. Andika yote matatu: propanili, 3,4-dikloroanilini, 2,4-D. Kwa 2,4-D mwongozo wa WHO ni mikrogramu 30 kwa lita.

Wakati unasubiri, kuna jaribio la kienyeji. Kwangua ukoga mbichi kwenye mawe ya ufukweni mbali na mfereji, gawa sehemu mbili sawa katika chupa mbili angavu. Moja tia maji ya ziwani pale penye bomba lenu la kuvutia, nyingine maji ya ziwani kutoka mbali. Ziweke juani asubuhi hadi mchana. Chupa ya maji ya mbali ikitoa vipovu na ya kwenu isitoe, dawa bado iko pale, msivute. Haichukui nafasi ya maabara, lakini itakusaidia kujua siku ya kuwasha pampu.

Chupa zote mbili zikitoa vipovu sawasawa, shusha maji, ondoa ule utando uliokufa kwa koleo bapa pamoja na sentimita moja au mbili za mchanga, utupe mbali na maji. Kisha endesha chujio taratibu, maji yote yaende nje. Usilizime kwa siku nyingi, litakosa hewa tena. Kukomaa kunaweza kuchukua siku kadhaa au wiki kadhaa. Usifungulie vilula kwa sababu ya vipovu tu. Subiri majibu ya kemikali, na kipimo cha E. coli, bakteria wa kinyesi, kionyeshe sifuri kwenye mililita 100. Hata hapo tia klorini kwenye tangi la kugawia.

Kwenye kikao na wenye majaruba, nenda na zile chupa tupu mezani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudhuru ndani ya mita 60 za ufuko, lakini usianze na sheria, hao ni majirani zako na watoto wao wanakunywa kwenye vilula vilevile. Waombe wakupigie simu siku moja kabla ya kupulizia, uzime pampu tangi likiwa limejaa, na wazibe njia za maji za majaruba zisimwage mferejini mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa zipite. Na bomba la kuvutia maji lisogezwe upande wa pili wa miamba. Hilo mwandikieni RUWASA wiki hii, kabla mvua nyingine haijanyesha.

Msimamizi wa Ghuba

Nimeziweka chupa mbili juani tangu saa tatu. Ya maji ya mbali imeanza kutoa vipovu. Ya kwetu bado. Kikao ni Jumamosi, na mwenye jaruba kubwa amesema atakuja.