Naomba ushauri: udokozi wa viazi umeandikwa wizi

Wakuu, heshima kwenu. Naomba msaada kwa wanaojua sheria. Mdogo wangu ni kibarua wa kupakia viazi hapa Uyole, Mbeya. Juzi jioni tajiri yake alimkuta na viazi kama ndoo moja ndogo kwenye kiroba, vile vinavyodondoka wakati wa kufunga lumbesa. Vibarua wengi huviokota wakapike, na siku zote wanaachwa. Safari hii akapelekwa kituoni.

Nilijua huo ni udokozi tu, unaisha kwa kuombana radhi. Nimesoma Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, udokozi kama kosa la peke yake sikuuona. Kuna wizi, kifungu cha 258, na adhabu yake kifungu cha 265: jela hadi miaka 7. Kinachonitisha zaidi ni cha 271, mtumishi kumwibia mwajiri, hadi miaka 10. Miaka kumi kwa viazi!

Je, kibarua wa kutwa asiye na mkataba anahesabiwa mtumishi? Yale mazoea ya kuokota yanaweza kuonyesha hakuwa na nia ya kuiba? Na tajiri akikubali kusamehe, aende polisi sasa au asubiri mahakamani? Mama hali wala halali, nisaidieni.