Nimeambiwa "mpangaji hapangi mji" mbele ya mama mwenye nyumba wangu, kisa kiwanja cha stendi ya zamani Ubungo, Dar

Fundi Kobazi (mwanzisha uzi, Julai 2021)
Wakuu, naandika mikono inatetemeka, msinisahihishe herufi.

Mnamjua, simtaji. Yule wa kofia ya pama, anayekalia kiti cha plastiki peke yake wakati sisi wengine tumebanana kwenye benchi kama dagaa. Akikohoa, kijiwe kizima kinaweka vikombe chini. Huyo huyo.

Leo asubuhi mada ilikuwa lile eneo la stendi ya zamani. Tangu mabasi ya mikoani yahamie Mbezi Luis mwezi wa pili mwaka huu wa 2021, pale pamebaki vumbi na ukuta. Na ndipo Morogoro, Mandela na Sam Nujoma zinapokutana! Magari yamejengewa barabara za juu, ghorofa tatu, yanapita kwa raha zake. Binadamu tuko chini tunaungua jua tukisubiri daladala. Kila mtu akatoa lake. Muuza kahawa anataka msikiti. Bodaboda wanataka kijiwe chenye paa. Mimi kwa adabu zote nikasema: wajenge soko la chini, lisiwe na ngazi, mama ntilie waliokuwa wanalisha abiria wa saa kumi na mbili alfajiri warudi na masufuria yao. Halafu vyoo visafi, miti na mabenchi. Basi. Sikuomba uwanja wa ndege.

Akashusha kikombe. Akaniuliza, "Fundi, wewe unakaa kwako au umepanga?"

Nimepanga mzee.

"Basi tulia. Mpangaji hapangi mji. Mpangaji anapangiwa."

WAKUU. Mpangaji anapangiwa! Na kashata aliyokuwa anatafuna nimemnunulia MIMI.

Mama mwenye nyumba wangu alikuwa anapita na ndoo ya maji. Alicheka ndoo ikabaki nusu. Bodaboda walizima pikipiki ili wacheke kwa utulivu. Basi la mwendokasi lilipita likapiga honi, nina uhakika dereva naye alisikia.

Nina miaka 14 Ubungo. Jengo la shirika la umeme, TANESCO, linapigwa nyundo 2017 nilikuwepo, vumbi lake nimelila mimi. Yeye ile nyumba karithi, hata bati moja hajawahi kubadilisha, mvua ikinyesha anahamisha kitanda kama anacheza bao. Ndiye wa kuniambia mpangaji anapangiwa? Sijala mpaka sasa hivi.

Mtoto wa Shekilango
Nimekaa siti ya mbele. Leteni karanga.

Kichwa Maji
"Mpangaji anapangiwa" 😂😂😂 Huyo mzee apewe wizara. Mkuu pole, ila umepigwa na kitu kizito.

Bwege Mstaarabu
Chai. Hakuna mtu anayemnunulia kashata mzee mwenye nyumba yake.

Fundi Kobazi
@Bwege Mstaarabu nilimnunulia mbili! Moja aliweka mfukoni!

Mama Mitumba
Tuache utani, hoja ya fundi ina maana. Lakini soko la serikali mimi siliamini tena. Machinga Complex pale Karume mliiona? Vizimba vilikaa miaka vitupu, watu wakarudi barabarani kwa sababu mteja hapandi ngazi kufuata soksi. Na sasa soko la Kariakoo ndiyo hilo limeungua wiki iliyopita, tunahangaika na mabelo kichwani. Nyie mnajadili mabenchi.

Fundi Kobazi
Mama ndiyo maana nikasema lisiwe na ngazi! Nilikuwa nataka kufafanua hapo hapo, ndipo akaniuliza umepanga au kwako. Hakunipa hata dakika.

Kichwa Maji
Ungemwambia umejipanga 😂

Msomi wa Mlimani
Pale panafaa maduka makubwa ya kisasa ya ghorofa kumi. Acheni mawazo ya vyoo.

Mtoto wa Shekilango
@Msomi wa Mlimani na Mlimani City imejengwa ya nini? Iko hapo hapo Sam Nujoma, mwaka wa kumi na tano huu, unaingia kupoza jasho unatoka na risiti ya maji. Wewe mwenyewe mara ya mwisho ulinunua nini humo?

Msomi wa Mlimani
Hayo ni maisha yangu binafsi.

Kimara Tulivunjiwa
Wenzetu mna raha, mnagombania kiwanja kisicho chenu. Sisi wa Kimara 2017 tulichorewa X nyekundu ukutani, tubomolewe kupisha barabara, nyumba nilijenga mwenyewe tofali kwa tofali, asubuhi moja nikatoka na mlango na madirisha. Mimi nilikuwa MWENYE NYUMBA na nilipangiwa vilevile. Kamwambie huyo mzee wako wa pama.

Fundi Kobazi
Asante sana mkuu. Kesho namfikishia neno kwa neno.

Bwege Mstaarabu
Hutamwambia. Kesho utamnunulia kashata ya tatu.

Dada wa Riverside
Mkuu swali dogo. Mama mwenye nyumba alicheka kwa sababu ya mzee, au kwa sababu unadaiwa?

Fundi Kobazi
Hilo haliko kwenye mada.

Kichwa Maji
ANADAIWA 😂😂😂

Dada wa Riverside
Kama ni kodi ya miezi sita usitume kwa simu. Tozo ya miamala ya simu imeanza tarehe 15 Julai hii ya 2021, inafika mpaka shilingi 10,000. Jana nimemtumia mama hela ya dawa nikaona makato, nikakaa chini.

Mama Mitumba
Usinikumbushe. Nikituma Mbeya nakatwa, mama akienda kutoa anakatwa. Hela moja inachinjwa mara mbili.

Msomi wa Mlimani
Na bado LUKU, umeme wa kulipia kabla. Kodi ya jengo itakatwa kwenye umeme, 1,000 kila mwezi kwa nyumba ya kawaida. Anayenunua umeme nani? Mpangaji.

Kimara Tulivunjiwa
Kwa hiyo mpangaji analipia jengo la mwenye nyumba?

Msomi wa Mlimani
Eti serikali inasema mtaelewana kwenye kodi ya pango.

Mtoto wa Shekilango
Kuelewana na mwenye nyumba wa Dar? Bora uelewane na jogoo.

Fundi Kobazi
Wakuu turudi kwenye kiwanja. Alisema mpangaji hapangi

Kichwa Maji
Tulia wewe, watu wanajadili hela. Laki moja wanakata ngapi?

Mama Mitumba
Kuna jedwali limezunguka kwenye makundi, natafuta.

Fundi Kobazi
Ukilipata niangalizie na ya laki tatu. Nauliza tu.

Dada wa Riverside
Mpelekee mkononi mkuu. Ila mvizie akiwa hana ndoo.