Jimny ya kila siku: niinue inchi mbili au nibadili tairi?

Mnyalu wa Iyunga:

Wakuu, habari za jioni. Nina Suzuki Jimny ya 2008, injini 1.3, gia za mkono, na ndiyo gari pekee nyumbani. Jumatatu hadi Ijumaa ni lami tupu: Iyunga, Mafiati, Kabwe, watoto shule, kazini, kurudi. Jumamosi napanda Ilembo kwenye shamba la viazi, napitia Mbalizi. Wanaoijua Umalila wanaijua ile barabara mvua za Machi zikikolea. Fuso za viazi zimechimba mifereji miwili, katikati limebaki tuta, na kila nikipita kuna kitu kinakwaruza chini mpaka najisikia vibaya moyoni.

Kuna muuzaji yuko Dar ana seti ya springi na shokapu za kuinua inchi mbili. Anasema anaituma kwa basi na fundi yeyote anafunga. Mke wangu anaogopa gari itapinduka. Jamaa wa ofisini anasema Jimny isiyoinuliwa ni ya kuendea sokoni.

Naomba kujua: itasaidia kweli? Itaniharibia raha ya lami? Na ninunue seti nzima au nichongeshe spesa tu? Sitaki gari ya maonyesho. Ifike Ilembo, na Jumatatu inifikishe kazini bila makelele.

Dogo Kyela:

Chongesha spesa Mwanjelwa, mafundi wa leithi wamejaa. Unaweka juu ya springi, maisha yanaendelea. Hela ya seti nunua ndama.

Fundi Miguu:

Mnyalu mdogo wangu, kabla hujamtumia huyo wa Dar hata mia, kuna kazi ya bure. Paki kwenye sakafu ya saruji, ingia chini na tochi, tafuta palipochubuka. Ukikuta chuma kinang'aa kwenye tumbo la difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli, au kwenye vile vishikio vya chini vya shokapu za nyuma vinavyoning'inia, rudi hapa tuongee tairi. Ukikuta ni chasisi, au ile bimu iliyobeba gia boksi ndogo ya 4WD (tairi zote nne kuvuta), au bampa ya mbele imekula udongo, hapo tuongee springi.

Nakwambia hivyo kwa sababu watu wanakuja gereji wakitaka "inchi mbili" bila kujua kinachogonga ni nini. Jimny yako ina ekseli nzima mbele na nyuma, bomba moja la chuma kutoka tairi hadi tairi, na difu imo humo humo. Springi inakaa juu ya ekseli. Ukiweka springi ndefu unanyanyua bodi, chasisi, injini na wewe uliyekaa ndani. Ekseli inabaki ilipo. Weka inchi mbili, weka kumi, difu itaendelea kulima tuta la Ilembo kwa kimo kile kile. Kinachopandisha difu ni tairi kubwa, basi. Na hata hiyo inakupa nusu tu ya ulichoongeza, kwa kuwa nusu nyingine ya kimo iko juu ya ekseli.

Piga hesabu. Tairi ya kiwandani ni 205/70R15, kimo chake kama milimita 668. Ukivaa 195/80R15 unafika 693, difu inapanda milimita 12. Ukivaa 215/75R15 unafika 703, difu inapanda karibu 18. Suzuki waliiachia hiyo gari nafasi ya milimita 190 chini, kwa hiyo unakwenda kwenye 208 hivi. Utasema ni kitu gani hicho. Subiri tuta likauke, ndipo utajua hizo sentimita mbili kasoro zinaamua unapita au unakwaruza.

Hilo la kupinduka, shemeji ana hoja. Umbali kati ya tairi ya kushoto na ya kulia kwenye Jimny ni milimita 1,355 mbele na 1,365 nyuma. Fuso ni pana kuliko hapo. Maana yake huwezi kukaa kwenye mifereji yake yote miwili kwa pamoja. Tairi za upande mmoja zikitumbukia, za upande wa pili zinapanda ubavu wa tuta na gari inalala. Sasa ukishaiinua, uzito umepanda juu na upana ni ule ule. Barabara ile haiendeshwi mferejini. Tairi za upande mmoja zipande tuta, za upande wa pili zikae ukingo wa nje, mfereji upite katikati ya miguu ya gari. Taratibu, gia ya chini, usikanyage breki ghafla. Nusu ya wanaolia na Umalila wangefanya hivyo tu wasingekuja kwangu, nami ningekosa hela.

Dogo Kyela, spesa zinafanya kazi, sikatai, nimeshazifunga. Lakini springi ya gari ya 2008 imeshalala. Kuweka spesa juu yake ni kumwekea mgonjwa mto: amepanda kidogo, hajapona. Na shokapu fupi za kiwandani zinavutika mpaka mwisho kila tairi ikining'inia shimoni. Hazichukui muda zinaanza kuvuja.

Mnyalu, kingine cha kupima kabla ya kununua chochote. Injini iwe inawaka, gia nyutro, mawe nyuma ya tairi, breki ya mkono juu. Bonyeza 4WD. Jeki tairi moja ya mbele, uizungushe kwa mkono. Ikigoma, habu, vile vifungo vinavyounga tairi za mbele na ekseli, zimeshika. Ikizunguka kirahisi, 4WD yako ni ya jina. Hizi gari habu zake za mbele zinafungwa kwa vakyumu, yaani kwa kufyonzwa upepo, na mipira yake ikizeeka upepo unavuja. Nimeona Jimny nyingi humu Mbeya zinapanda milima kwa tairi za nyuma peke yake na mwenyewe hajui.

Mama Matamba:

Kaka Mnyalu, mimi ninayo kama yako na imeinuliwa inchi mbili. Naitumia Matamba kwenda Chimala, ile njia ya kona 57, na mara nyingi naunganisha hadi Uyole. Fundi kasema kweli kuhusu difu. Ila mimi tatizo langu halikuwa difu. Kwangu ilikuwa tumbo na pua: mawe yaliyoporomoka mlimani yananikuta kwenye kona kali, bampa inagonga kabla tairi haijapanda. Baada ya kuinua, pua inapita. Sijutii.

Lakini usidanganywe kwamba fundi yeyote anafunga. Yangu ilifungwa springi na shokapu, nikakabidhiwa funguo. Nikishika lami ya Chimala kwenda Igawa, spidi 80, usukani mwepesi kama hauna mwenyewe. Semi ya Zambia ikinipita, upepo wake unanisukuma pembeni, nikirekebisha gari inapitiliza upande wa pili. Baadaye fundi mwingine akaniwekea busha za mikono ya mbele zenye tundu pembeni badala ya katikati, akafanya na alaimenti, ikatulia. Fundi Miguu atakuelezea hilo, mimi najua tu kwamba bila zile busha nisingempakia mtoto.

Mengine ya kike, vumilieni. Ukivaa kitenge kilichobana, kupanda Jimny iliyoinuliwa ni mtihani mbele ya watu. Mama yangu ana magoti mabovu, nabeba kigoda nyuma ya kiti kwa ajili yake. Kama mkeo ndiye anayeipanda na kushuka mara kwa mara pale shule, muulize yeye, si jamaa wa ofisini.

Taa za mbele nazo zinatazama juu baada ya kuinua. Wenzangu walikuwa wananiwashia full kila usiku mpaka nikazishusha. Kurekebisha ni bisibisi tu.

Na kama unapenda kwenda Kitulo kutazama maua, kule juu mita 2,600 hivi injini ya 1.3 isiyo na turbo inachoka yenyewe. Ukiongeza tairi kubwa utaisikia zaidi. Palipokuwa pa gia ya tatu unashuka hadi ya pili.

Mnyalu wa Iyunga:

Nimeingia chini leo mchana, nimetoka na vumbi la Umalila kichwani. Majibu ni haya. Difu ya nyuma imeng'aa upande wa chini, rangi hakuna kabisa. Vishikio vya shokapu za nyuma, kimoja kimepinda kidogo kuelekea nyuma. Bimu ya gia boksi ina mchubuko mmoja lakini una kutu, wa zamani. Bampa safi.

Nimepima na kutoka katikati ya tairi hadi ukingo wa bodi. Nyuma kushoto iko chini kuliko kulia kwa sentimita mbili hivi, gari tupu.

Sasa ile ya jeki. Fundi, tairi ilizunguka kama feni. Taa ya 4WD kwenye dashibodi inawaka na kuzima bila kutulia, tangu nilipoinunua iko hivyo, na aliyeniuzia aliniambia ndivyo zilivyo.

Dogo Kyela:

Aliyekuuzia yuko wapi tumpe pole.

Fundi Miguu:

Basi jibu umelishika mwenyewe. Inayogonga ni ekseli, kwa hiyo seti ya inchi mbili isingekutoa pale. Na ulikuwa unapanda Ilembo kwa tairi mbili. Kwa ile taa, huenda ni upepo unavuja. Anza na habu. Wakati mwingine ni bomba la raba tu limepasuka, la bei ya soda. Wakati mwingine ni mipira ya ndani ya nakili, kile kifundo kinachobeba habu ya tairi ya mbele. Wengine wanachoka na hadithi ya vakyumu wanafunga habu za kuzungusha kwa mkono. Unashuka pale Mbalizi, unazungusha kushoto na kulia, unaendelea. Mimi napenda hizo, hazina cha kuvuja.

Halafu tairi. 215/75R15 zenye kashata nene kiasi, zisiwe zile za matope matupu, zitakupigia kelele lami wiki nzima. Inawezekana zikagusa kidogo ndani ukikata usukani mpaka mwisho, tutaangalia. Nunua tano. Ile ya mlango wa nyuma ikiwa ndogo, siku ukiivaa ukiwa ndani ya 4WD unaua difu. Na ujue spidomita itasoma pungufu kama asilimia 5. Ikikuonyesha 80, unakimbia 84. Wenye tochi pale vijijini hawatajali maelezo ya tairi.

Springi sasa. Kushoto imelala, hilo umelipima, na mimi najua kwa nini. Unarudi na viazi, si ndiyo? Lumbesa ngapi? Gari hiyo ikiwa tupu ni kama kilo 1,060 na mwisho wake na mzigo ni 1,420. Kilo 360, humo uko wewe, shemeji na watoto. Lumbesa mbili peke yake zimekula zaidi ya nusu. Kwa hiyo springi mpya nakubali, lakini za kubeba, si za kurefusha. Zile zinazoinua kama inchi moja na nusu na ni nzito kidogo nyuma zinatosha, pamoja na shokapu zake.

Kwa inchi moja na nusu, ule usukani wa dada wa Matamba mara nyingi hautokei, au unatokea kidogo. Ni hivi, dada: ekseli ya mbele imeshikwa na mikono miwili inayotoka nyuma. Bodi ikipanda, mikono inainama, na ekseli inajiviringisha kidogo kwenda mbele. Ule mlalo wa nyuma unaofanya tairi zirudi zenyewe kwenye mstari, tunauita kasta, unapungua. Busha zenye tundu pembeni zinaurudisha. Aliyekufungia wa kwanza alipaswa kulijua hilo. Kuna na panadi rodi, ile fito ya kulala inayozuia ekseli isiende kando. Ukiinua, inaivuta ekseli upande mmoja, na usukani wa gari iliyonyooka unakaa umepinda. Unarekebishwa kwenye fito ya stelingi. Hozi za breki nazo lazima ziangaliwe tairi ikiwa inaning'inia, si ikiwa chini. Fundi asiyeinua gari na kuangalia hozi, mkimbie.

Kama una bima kubwa, waambie wenye bima unachobadilisha kabla hujabadilisha.

Mnyalu wa Iyunga:

Lumbesa mbili, ndiyo. Na wakati mwingine mkungu wa ndizi juu yake.

Nimemsomea mke wangu uliyoandika, amekupa heshima zako zote. Amesema inchi moja na nusu anaikubali mradi kigoda kisiwepo. Wa Dar nimemwambia asubiri. Swali moja tu: nikifunga habu za mkono, nikasahau kuzifungua nikirudi lami, nitaharibu kitu?

Fundi Miguu:

Hapana, mradi 4WD yenyewe umeitoa. Gari itakula mafuta zaidi kidogo tu. Ukiiacha 4WD ndani kwenye lami kavu ndiyo kesi nyingine, gari haina difu ya kati ya kuachia tairi za mbele na za nyuma zizunguke tofauti, kona zitakuwa ngumu na kitu kitavunjika. Lete Jumanne asubuhi, Jumatatu nina Coaster imelala tumbo wazi. Na njoo bila viazi.

Mama Matamba:

Viazi alete, fundi. Si lazima virudi.