Naomba ushauri: babu alipigana Kagera akiwa mgambo, matibabu yanatushinda

Habari zenu wakuu. Babu mzaa mama alikwenda Vita vya Kagera mwaka 1978 akiwa mgambo, akarudi na kipande cha chuma mguuni. Hakuwa askari wa kuajiriwa, hivyo pensheni hana. Tunaishi naye Ilemela, Mwanza, karibu kabisa na Ziwa Victoria.

Mguu umeanza kumsumbua upya, na vipimo vimeonyesha pia ana kichocho (si ajabu, amevua dagaa miaka nenda rudi). Sera ya Wazee ya 2003 inasema mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bure, na kitambulisho anacho. Kumwona daktari kweli ni bure, ila dawa tunaambiwa tukanunue nje. Dawa ya kichocho tutajikamua. Mguu ndio mtihani: eksirei, na huenda upasuaji.

Wenye uzoefu, nianzie kwa mtendaji wa kata au ustawi wa jamii hospitalini? Na uthibitisho kwamba alipigana, mshauri wa mgambo wa wilaya anaweza kuutoa? Kadi yake ya mgambo ililoa, namba haisomeki. Mwenyewe ananikataza kuuliza, eti hakwenda vitani kudai. Naombeni msaada, PM ziko wazi.