Mrejesho: leseni daraja A na pikipiki kubwa ya kwanza, Moshi

Habari wakuu, niliuliza nihame vipi kutoka pikipiki ya boksa (Bajaj Boxer) ya cc 125 kwenda chuma kubwa na leseni inakuwaje. Asanteni sana, mmenisaidia mno. Aliyesema leseni daraja A1 inaishia cc 125 na kubwa lazima daraja A alikuwa sahihi kabisa, nimesoma chuo hapa hapa Moshi, trafiki wakanipima, nikalipia TRA (mamlaka ya mapato), sasa hivi leseni ninayo. Kwenye mazoezi kuzunguka koni taratibu ndo kugumu, dada mmoja akaniambia shika klachi nusu, gusa breki ya nyuma kidogo, macho yaangalie unakoenda sio koni, aisee ilikubali vile vile alivyosema.

Pikipiki nimechukua Yamaha Serow 250 used, maana zile ndefu visigino havikufika chini, na barabara ya Marangu ilivyo na kona na mlima unataka mguu utue vizuri. Naipenda sana.

Kilichogoma ni vipuri, tairi nimepata mjini ila pedi za breki nimezunguka maduka wee mpaka nikaagiza Dar. Bima kubwa (ile inayolipa hata chombo chako) nayo wamekataa, wamesema chombo cha zamani, nimebaki na ndogo, ile ya kulipa utakayemgonga tu. Anayetaka kununua aulizie pedi kwanza ndo atoe hela.