Kundi la ukoo, Isevya, Tabora: pensheni ya marehemu na ya mjane

Idi: Asalaam alaykum ndugu. Matanga yamekwisha, sasa tuje kwenye makaratasi. Mama mdogo Salma anapokea pensheni yake ya ualimu, na marehemu mumewe alikuwa akipokea ya reli. Ya marehemu inahamia kwake au ndiyo imekatika? Yuko eda, kaniagiza niulize hapa.

Shangazi Mwajuma: Wa alaykum salaam. Haihamii, Idi. Ya Salma ni jasho lake mwenyewe, kifo cha mume hakiigusi hata senti. Ya mumewe inasimama, na badala yake wategemezi wanalipwa mkupuo mmoja wa pensheni ya miezi 36.

Idi: 36 mara ile ya kila mwezi?

Shangazi Mwajuma: Ndiyo. Kama alikuwa akipata 240,000, piga mara 36 ni 8,640,000. Si kiinua mgongo alichopewa alipostaafu, kile kilishalipwa kikaisha.

Hamisi: Shikamoo Shangazi. Kwanza tujue ni mfuko gani. Nakumbuka kadi yake ilikuwa ya PPF. Mwaka 2018 PPF, PSPF, LAPF na GEPF ziliunganishwa ikawa PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, kwa hiyo hiyo kadi kuukuu msiitupe, namba ya uanachama iko pale. Salma naye alikuwa PSPF, leo wote wako nyumba moja lakini kwa namba mbili na mafaili mawili. Mtu wa NSSF, ule mfuko mwingine wa sekta binafsi, akiwapa ushauri msikilizeni kwa adabu tu. Kule kuna pensheni ya urithi ya kila mwezi, hesabu yake ni nyingine kabisa.

Shangazi Mwajuma: Marahaba. Hapo umesema kweli.

Yusufu: Kadi ya benki ya mzee ninayo mimi na namba ya siri naijua. Pensheni imeingia jana. Tutoe ya arobaini?

Shangazi Mwajuma: Yusufu mwanangu, iache hapo hapo!!

Hamisi: Usiiguse. Iliyoingia baada ya mwezi wa kifo si ya marehemu wala si yenu, mfuko umelipa kwa sababu haujaambiwa. Ukiitoa ni deni, na watakaodaiwa ni hao hao wanaosubiri mkupuo. Tena taarifa ya benki itaonyesha fedha zilitolewa saa ngapi na kwenye mashine ipi, na mwenyewe alikuwa kaburini. Kesho Idi apeleke taarifa ya kifo ofisi ya PSSSF ya mkoa. Msingoje cheti, kibali cha mazishi kinatosha kuwashtua wasimamishe malipo. Vingine vitafuata.

Idi: Cheti cha kifo si ndicho hiki tulichopewa hospitali ya Kitete?

Hamisi: Hicho ni karatasi ya hospitali. Cheti kinatolewa na RITA, wakala wa serikali wa usajili, na hapa wilayani msajili yuko ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Kifo kinatakiwa kusajiliwa ndani ya siku 30. Zikipita bado utasajili, ila kwa ada ya ziada na maswali mengi. Eda ni miezi minne na siku kumi, kwa hiyo msimngoje Mama atoke ndipo muanze.

Zainabu: Naongezea kwenye majina, maana faili nyingi hukwama hapo. Kadi ya PPF inasema nini, kitambulisho cha NIDA kinasema nini, na cheti cha ndoa je? Mtu anaandikwa "Ramadhani" huku, "Ramadhan" kule, na kwingine jina la babu limekatwa. Mkishapeleka cheti cha RITA jina likiwa limekosewa, mtarudi tena. Andikeni cheti cha kifo kwa jina lile lililoko kwenye mfuko. Kama NIDA ina tofauti, msimamizi wa mirathi ataapa kiapo cha majina mbele ya wakili au hakimu kwamba wote ni mtu mmoja. Kitaambatana na faili kila kinakokwenda, kwa hiyo chukueni nakala nne zilizothibitishwa.

Idi: Msimamizi anateuliwa na ukoo, si ndiyo?

Zainabu: Ukoo unapendekeza, mahakama inateua. Mnakaa kikao, mnaandika muhtasari: tarehe, waliohudhuria na sahihi zao, jina la marehemu, wajane WOTE, watoto WOTE, mali, na mliyempendekeza. Ndipo anakwenda Mahakama ya Mwanzo na muhtasari na cheti cha kifo, anajaza Fomu Na. 1. Mahakama inatoa tangazo, siku ikifika bila pingamizi anapewa Fomu Na. 4. Hiyo Na. 4 ndiyo itakayoulizwa benki, PSSSF na ardhi.

Yusufu: Wajane wote maana yake na bi mdogo wa Urambo?

Zainabu: Na bi mdogo wa Urambo, na mtoto wake. Mkimficha, atasikia, ataweka pingamizi au ataomba uteuzi ubatilishwe, na mtaanza moja huku mmeshatumia nauli. Kama hana cheti cha ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 ina dhana ya ndoa kwa walioishi pamoja miaka miwili na zaidi wakatambulika kama mke na mume. Msimbeze.

Shangazi Mwajuma: Na kwenye nyumba na akiba, maadamu watoto wapo, wake wote wawili wanagawana thumni moja, yaani sehemu moja kati ya nane. Si thumni kila mmoja, watu hupotoka hapo. Lakini mkupuo wa mfuko msiuingize kwenye hesabu ya mafungu, ule una wategemezi wake kwa sheria ya mfuko.

Idi: Mama Salma mwenyewe asiwe msimamizi?

Zainabu: Anaweza. Ila kwa hali ya eda afadhali wewe, yeye asaini muhtasari hapo nyumbani. Na ujue si cheo: ndani ya miezi minne baada ya kuteuliwa unarudisha Fomu Na. 5, orodha ya mali na madeni, kisha Na. 6 ya mgawanyo. Wengi wakishapata Na. 4 hawaonekani tena mahakamani.

Hamisi: Kwenye madeni: alikuwa na mkopo wa wastaafu?

Idi: Ndiyo, umebaki kama miezi 14.

Hamisi: Msilipe chochote kwanza. Mikopo hiyo kwa kawaida hukatiwa bima ya maisha, mkopaji akifa bima inalipa salio. Omba benki mkataba, soma kipengele cha bima, peleka cheti cha kifo, na udai barua ya kufuta deni. Usikubali neno la mdomo la dirishani.

Shangazi Mwajuma: Sasa jambo la Salma mwenyewe. Kitakachoweza kumsimamishia pensheni yake si msiba, ni uhakiki, ule wa kuonyesha kwamba mstaafu bado yu hai. Muda wake ukifika akiwa ndani ya eda asipohakikiwa, malipo yanasimama. Yusufu, wewe mwenye simu janja, mwekee programu ya PSSSF Kiganjani, ajihakiki hapo kitandani kwake. Hiyo ndiyo kazi yako, si kadi ya mzee.

Yusufu: Sawa Shangazi 🙏 Laini ya simu ya mzee niifunge?

Hamisi: Hapana. Ujumbe wa benki na wa mfuko unaingia humo. Msiitumie tu kwa mambo mengine, salio la M-Pesa nalo liingie kwenye orodha ya mali.

Zainabu: Na atakayepiga akisema yuko makao makuu, faili liko mezani, tuma laki mbili litoke leo: kata simu. Mafao hayalipiwi ada.

Idi: Basi nakusanya: kadi ya PPF, NIDA zote, vyeti vya ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya wadogo na barua ya shule. Nivipige picha nivitume hapa?

Zainabu: Hapa usitume! Kundi lina watu 87. Niletee pembeni, nilinganishe majina usiku huu kabla hujakwenda RITA.